Asali ya Mgunga kutoka Sufuria ya Jael

Jumatatu, 3 Machi
Leo mimi ni mfanyabiashara wa asali! Sukari, maji, ndimu, moto. Sufuria ni ya dada yangu Jael, ile anayokaangia omena, vile visamaki vidogo. Nimeiazima bila kumsumbua kwa kumwomba. Nimeisuuza vizuri. Karibu vizuri. Chupani nimeandika: ASALI SAFI YA MGUNGA, BARINGO. Baringo sijafika. Nyuki nao hawajui kusoma.

Jael kasema huu ndio mradi wa mwisho chini ya paa lake. Ukianguka, narudi Ugenya kulima. Mimi, kulima!

Jumanne, 4 Machi
Sifuna anauza asali ya Mlima Elgon hapa hapa mtaani Kisumu Ndogo, akiringa kana kwamba alitafuna maua mwenyewe. Kadai yangu ni feki. Eti kijiti kilichochovywa asali safi huwaka, basi nikachovya cha kiberiti kwenye yangu nikiwashe, watu waone usafi. Kilikataa. Vyote vilikataa. Nimelaumu kiberiti.

Jumatano, 5 Machi
Msiba! Sifuna kamleta Wangoi, binti wa mtaa wa Ayany anayefanya kazi maabara. Eti asali ya kweli hubeba chavua, unga wa maua, na yeye huutambua kwa hadubini. Ijumaa atachukua chupa zetu akapime. Sifuna kaniambia utajua hujui.

Alhamisi, 6 Machi
Kumbe shida ni unga tu! Nimefika hadi Kambi Muru. Mgunga hakuna. Kuna mahindi ya mama mmoja, nikayatikisa mbelewele hadi akanifukuza na mwiko. Unga wote nimeumwaga chupani. Sasa ni asali kuliko asali.

Jumatano, 12 Machi
Wangoi kasoma majibu mbele ya umati. Ya Sifuna: maua ya kahawa na mikaratusi. Yangu: sukari ya miwa, chavua ya mahindi peke yake, tena nyingi ajabu. Na mafuta ya samaki.

Watu walicheka mpaka wakashikana. Niliumia, nakiri. Jael hakucheka. Aliuliza tu, "Dalmas, sufuria yangu iko wapi?"

Alhamisi, 13 Machi
Begi langu liko nje. Jael kalifunga mwenyewe, hata tiketi kakata. Sawa. Wangoi kaniachia karatasi ya majibu, ina muhuri mzuri sana. Nitakata ule muhuri niubandike chupani: IMEPIMWA MAABARA. Ugenya mahindi hupandwa hadi mlangoni, unga hautakosekana. Na Mama ana sufuria kubwa, ile ya kukaangia samaki aina ya ngege.