Sufuria Iliyochemka Bila Moto

"Mama Enock, mumeo katoboa!"

Bhoke alinirukia na habari hiyo bombani, asubuhi ya Jumatano, ndoo yangu haijafika hata nusu. Ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Nikikohoa, yeye ndiye wa kwanza kusema pole.

"Katoboa nini?"

"Usinifiche, shoga! Jana jioni kaingiza ndani kitu kizito, kimefungwa kwenye kanga. Akafunga mlango! Mimi nimekulia machimboni, utanidanganya nini?"

Hapa Segese, mtu akiingiza ndani kitu kizito kimefunikwa, basi ni dhahabu au mbuzi wa jirani. Na mbuzi angelia.

Mimi nilikijua kitu chenyewe. Kilikuwa kava la injini, kile kifuniko cha aluminiamu kinachokaa juu kabisa, ambacho ukifungua boneti ndicho kinachokusalimu. Na kanga ilikuwa ya kumbebea Enock. Bado inanuka oili mpaka leo.

Mume wangu, Deusdedit, ana Carina. Gari hilo limenizidi umri kwa miaka minne. Kwa adabu ningepaswa kuliamkia shikamoo kila asubuhi. Lakini mwenyewe akilisimulia, utadhani liliteremshwa jana kutoka mbinguni, malaika wakabaki wanapunga mikono.

Shida yake ni moja tu: baba yangu.

Mzee Ngassa aliendesha lori la pamba kule Shinyanga miaka thelathini. Hakagui gari kwa nje, huo kwake ni utoto. Anafungua boneti, anaweka mikono nyuma, anatazama. Na siku ya harusi yetu Carina ilizimika mlangoni mwa kanisa. Nikaisukuma mwenyewe, shela begani, kiatu kimekatika kisigino! Baba hajasahau. Sasa Jumamosi mdogo wangu Agnetha anaolewa, na Baba Enock aliapa mbele ya ukoo mzima kwamba bibi harusi hatapanda gari jingine.

"Sawa, mkwe," baba alimjibu. "Alhamisi nakuja kuiona injini. Nikikuta uchafu ule wa siku ile, Agnetha atapanda bajaji ya Mwita."

Bajaji! Jioni hiyo mume wangu alikula sahani moja tu ya ugali. Nikajua ameumia.

Kava lenyewe lilikuwa limechoka kweli. Rangi imebanduka vipande vipande kama mgongo wa kenge, oili imegandia pembeni. Fundi Chacha alimpa ushauri mzuri tu: "Petroli, brashi ya waya, msasa, halafu rangi ya kuvumilia moto. Polepole. Mkono utauma, lakini litang'aa."

"Msasa?" Baba Enock alicheka mpaka akashika mbavu. "Chacha, unaongea na mtu wa elusheni!"

Elusheni ni mtambo wa kuchenjulia dhahabu. Ni kweli alifanya kazi huko. Wiki mbili, akibeba kuni. Ila ukimsikiliza mwenyewe, bila yeye dhahabu isingetambua kwamba ni dhahabu.

Huko aliwaona wakitumia kostiki, ile dawa nyeupe inayounguza ngozi. Basi Jumatano hiyo hiyo akarudi nyumbani na mfuko wa kostiki mkono huu, na mkono huu kopo la rangi ya kupulizia. Ya dhahabu! Nyekundu, alisema, ni ya watu wa kawaida.

"Kitu kinachohudumia dhahabu kishindwe na kava la Carina? Mama Enock, lete ile sufuria kubwa."

"Ile aliyonipa mama?"

"Utaipata ikiwa safi zaidi!"

Akavaa glovu, akalaza kava ndani ya sufuria pale uani, akamwaga maji, akamwaga kostiki. Haijapita muda, maji yakaanza kuchemka. Yanatoa povu, yananguruma, yanafuka! Na moto hakuna!

"Baba Enock, mbona na sufuria yenyewe inalia?"

"Hiyo ni sayansi. Wewe uliishia darasa la saba, hii ni ya darasa la nane."

Ule moshi ulikuwa unakwaruza koo, nikamchukua mtoto wangu nikahamia kwa Bhoke. Nikamkuta jicho liko kwenye tundu la uzio.

"Inachemka bila moto!" alininong'oneza. "Shoga, hiyo si dhahabu ya kawaida!"

Kufika jioni, mtaa mzima ulikuwa umebadilika. Mwenye duka alimtolea mume wangu kiti. Vijana waliokuwa wakimpita kama mti wa umeme sasa wanamwinamia, "Shikamoo bosi!" Angeweza kusema, jamani, ni kava la injini. Maneno mawili matatu tu! Badala yake alitabasamu, akaegemea kiti, akatamka kama askofu:

"Kesho mtaona wenyewe."

Usiku akaongeza kostiki. Alfajiri akaongeza tena.

Alhamisi uwanja ukajaa. Selestine, mnunuzi wa dhahabu, alikuja na mizani yake ndogo kwenye mkoba. Chacha alikuja na soda, akatafuta kivuli. Kisha baba akaingia, mikono nyuma.

"Shikamoo baba," mume wangu akasema.

"Marahaba. Watu wote hawa, mkwe, kuna msiba?"

"Hakuna msiba, baba! Kuna maajabu!"

Akavaa glovu zake. Akainama, akashika sufuria kwa ukingo, akainyanyua juu kwa mbwembwe.

Ukingo ukaja. Kitako kikabaki chini.

Maji meusi yakamwagika puu! Watu wakaruka kama kuku walioona mwewe. Yalipotulia, kava likaonekana limelala kwenye tope, jeusi, jembamba, limejaa matundu. Pale palipokuwa na maandishi ungeweza kuchungulia ukamwona mbuzi wa jirani upande wa pili.

Selestine akafunga mkoba wake taratibu. "Samahani, kaka. Hii ni karati ngapi?"

"Kostiki inakula aluminiamu, bwana!" Chacha akasema, soda inamtoka puani. "Kava ni aluminiamu, sufuria ni aluminiamu. Umeipa chakula cha mchana na cha usiku!"

"Kumbe kifuniko cha gari!" Bhoke akapiga kofi. "Siku mbili nimeinama kwenye uzio, kiuno kimekwisha, kumbe kifuniko cha gari!"

Baba hakucheka. Alikwenda kwenye Carina, akafungua boneti, akaitazama injini iliyokaa wazi kama mdomo wa mtu aliyesinzia kanisani.

"Yaya," akasema, yaani "hapana" kwa Kisukuma chetu. "Mkwe, safari ile ilizimika. Safari hii umeivua nguo kabisa. Jumamosi saa nne nikute injini imefunikwa na gari linawaka. La sivyo, Mwita." Akatoa simu, akaniomba nimtafutie namba ya Mwita.

Watu wakaondoka. Mume wangu akabaki amekaa juu ya ndoo, glovu bado mkononi. Nilimwonea huruma, jamani. Siku ile ya harusi, nilipokuwa nasukuma na shela langu, yeye ndiye aliyekuwa akisukuma kando yangu, kiatu changu kilichokatika kiko mfukoni mwake kama leso.

Nikampelekea uji. Hakuugusa. Alikuwa anatazama ukuta wa jikoni.

Pale ukutani palikuwa pananing'inia mfuniko wa sufuria ya mama. Mzima, mweupe, niliusugua kwa mchanga juzi. Akautazama. Akaitazama injini. Akarudi kwenye mfuniko, akaupima kwa viganja hewani, na macho yakaanza kuwaka tena.

"Mama Enock," akaniita, kwa sauti ya adabu ambayo sijaisikia tangu anichumbie. "Mke wangu mzuri. Ule mfuniko, kwani Jumamosi utakuwa na kazi nao? Maana rangi ya dhahabu bado ninayo."