Tairi Mbili za Pikipiki ya Mbio

Jumapili, 19 Oktoba 2025

Mgongo unauma. Leo si siku ya kazi, lakini mgongo haujui kalenda. Miaka minne nabeba magunia na kreti hapa bandarini Rubona, ugenini. Nilipotoka Kasulu nilikuwa mrefu. Nadhani nimepungua.

Lakini kuna habari! Baada ya misa Mama Donatille, mwenye sambaza, vile vidagaa vya ziwani vinavyoliwa na nusu ya hoteli za mjini, alituita sisi vibarua wake. Akasema kaka yake aliyehamia Ubelgiji aliacha pikipiki. Iko stoo, imefunikwa turubai, tairi zimeoza. Yeyote atakayemletea tairi mbili za kuifaa kabla ya Jumapili ijayo, huyo ndiye atakayeiendesha kila asubuhi kupeleka sambaza hotelini. Hatabeba tena. Atakuwa amekaa.

Kufanya kazi umekaa! Sikujua kwamba jambo hilo linaruhusiwa kwa mtu wa darasa la tano.

Viateur naye amesikia. Viateur ni mbebaji mwenzangu, mtu wa Cyanzarwe, mdomo wake hauna siku ya mapumziko. Ameniambia mbele ya wote, "We Mutanzania, baki na magunia. Mugongo yako imeshazoea, tusiisumbue." Watu wamecheka. Sikujibu. Nilikuwa nafikiri, na mimi siwezi kufanya yote mawili.

Jumatatu, 20 Oktoba

Mchana nimeingia stoo kuipeleleza pikipiki. Turubai limefungwa kamba kila upande. Mali ya watu haifunguliwi. Kuomba lifunguliwe ni kuonyesha kwamba hujui. Nimeizunguka mara tatu.

Nimeona nundu. Kubwa, juu, kama ya ng'ombe dume. Nimekaa chini kwa mshangao. Pikipiki za kawaida hazina nundu. Zenye nundu ni zile za mbio, ambazo dereva analala juu ya tangi kama mgonjwa. Ndiyo maana kaka mtu aliweza kufika Ubelgiji! (Nimelifuta hili kichwani. Alikwenda kwa ndege.)

Gurudumu la mbele lilitokeza kidogo. Nimepitisha kamba ya magunia kulizunguka, pale chuma kinapokutana na tairi, nikafunga fundo. Mbebaji hupima hivyo. Kitu kikienea kwenye kamba, kimeenea.

Umwali, mpwa wa Mama Donatille, yule msichana wa mizani, alikuwa mlangoni. Ameniuliza kwa adabu, "Kaka Bukuru, na upana, umepima?" Nimemwambia mizani ni yake, kamba ni yangu.

Jumanne, 21 Oktoba

Nimeomba ruhusa, nikaenda mjini. Pale Nengo, mbele ya hoteli, imesimama pikipiki ya mbio, nyekundu, ina nundu ileile! Mwenyewe anaitwa Cyusa, kijana wa pesa, anapenda kuulizwa maswali. Amenieleza kwamba mwaka jana aliinunua akalia siku moja. Leo ingekuwa kulia wiki nzima. Kila mwezi zinapanda. Amesema mwenzake alianza kuweka akiba ya pikipiki kama hiyo, na kila akifikia bei, bei imeshahama.

Nimemuuliza kuhusu tairi. Hapo nilikosea. Amezungumza nusu saa. Kuna mpira laini unaoshika lami lakini unaisha haraka. Kuna mgumu unaodumu lakini unateleza. Kuna mistari ya mvua. Laini ndiyo nzuri, ila mwanzoni ni mbaya, mpaka ipate moto. Nimeuliza moto upi. Akacheka, akaniambia, "Sawa, mzee, we utaelewa tu." Ana umri wa mdogo wangu wa mwisho.

Sijaelewa. Nimeandika mkononi: LAINI. MOTO.

Jumatano, 22 Oktoba

Duka la vipuri la Bi Rayhana liko karibu na mpaka mdogo, ule wa kuvukia kwa miguu. Familia yao wanauza vitu hapo tangu babu yake. Ameniuliza, "Bon, iko unatafuta pine ya pikipiki gani?" Pine kwao ni tairi. Nimejibu ya mbio, kwa sauti ya kutosha mtu mwingine asikie. Hakukuwa na mtu mwingine.

Ameniangalia viatu. Kisha akapanda ngazi akashusha tairi mbili nyeusi, pana, zinang'aa. Ziliagizwa na mteja fulani. Kabla hazijafika, pikipiki yenyewe ilipanda bei ikamshinda, akazikimbia. Maskini! Watu wengine hawana mpango.

Nimepitisha kamba kwenye tundu la tairi. Fundo limekutana na ncha sawasawa! Zote mbili! Bi Rayhana akauliza kama nina hakika, maana hizi ni za pikipiki kubwa sana. Nimemwonyesha fundo. Nani anabishana na fundo?

Bei ikanipiga kifuani. Nimesema nitafikiri kwanza.

Ubavuni mwa tairi ya nyuma kuna namba. 180, halafu 55, halafu 17. Nimezitafakari njia nzima ya kurudi. 180 ni mwendo. 17 sijui. 55 bila shaka ni kilo za dereva. Mimi nina 62.

Sijala usiku huu.

Alhamisi, 23 Oktoba

Nimerudi dukani. Imepanda! Siku moja tu! Bi Rayhana amesema pikipiki za mbio zimepanda tena huko zinakotoka, na pine inamfuata mama yake. "We ulienda kufikiri, donc bei nayo ikaenda kufikiri."

Nimeelewa sasa. Nikifikiri, bei inapanda. Kwa hiyo nimeacha kufikiri. Nimetoa nauli yangu ya Krismasi yote, nikaongeza simu yangu. Mke wangu hajaniona mwaka mzima. Lakini atafurahi akisikia kwamba mume wake anafanya kazi amekaa. Atasikiaje bila simu, hilo nitalipangia siku yake.

Dereva wa basi dogo amezikataa tairi. Pikipiki za abiria nazo hazipakii mizigo. Nimemwachia mlinzi wa hoteli ya Nengo, mtu wa kwetu Kigoma, azihifadhi mpaka Jumamosi.

Jioni nimemkuta Viateur amekaa na tairi mbili za zamani, zimekwisha kabisa, anachonga mistari mipya kwa kisu! Amesema hivyo ndivyo wanavyofanya watu wenye akili. Chakula changu amekila yeye, kwa kuwa mimi nashuka kilo. Anazidi kunenepa. Atajua mwenyewe na 55.

Ijumaa, 24 Oktoba

Nimebeba magunia sabini bila kula. Kwenye la arobaini niliona nyota mchana. Nimejipa moyo kwamba ni magunia ya mwisho maishani. Nimeyaaga moja moja.

Umwali ameniletea kikombe cha uji, akaniuliza kama naumwa. Nimemweleza kuhusu kilo 55. Ameinama kufunga kiatu muda mrefu sana. Mabega yalikuwa yanatikisika. Msichana mwenye huruma.

Kisha akaniambia kwamba yeye alimwomba shangazi, shangazi akamfungulia turubai, akasoma namba kwenye tairi kuukuu. Kama nataka atanisomea. Nimekataa. Asante sana. Namba ninazo zangu.

Jumamosi, 25 Oktoba

Mpango wa leo ulikuwa safi. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mpaka saa tano asubuhi hakuna gari barabarani. Barabara tupu! Ningezisukuma tairi zangu kutoka Nengo hadi Rubona, kando ya ziwa, zikibingirika zenyewe, bila hata gari moja kunipigia honi.

Nilisahau kwa nini hakuna gari.

Ni umuganda. Kila mtu yuko nje na jembe lake kufanya kazi ya mtaa. Nimeingia kwenye kona nikiwa nakimbia nyuma ya tairi mbili, nikakuta watu mia moja wanazibua mtaro. Tairi ya mbele ilipita katikati yao. Mama mmoja alipiga kelele, "Yebaba we! Gurudumu limemukimbia mwenyewe!" Ilisimama miguuni pa mkuu wa umudugudu, kiongozi wa mtaa.

Ameniuliza jembe langu liko wapi. Nimesema mimi ni mgeni. Ameuliza mgeni wa lini. Nimesema wa miaka minne. Nilipaswa kusema uongo hapo.

Nimebeba mawe mpaka saa tano. Jumamosi yangu, siku ambayo hakuna magunia! Mkuu aliikalia tairi yangu ya nyuma wakati wote wa mkutano wa mtaa uliofuata kazi. Ni mtu wa kilo 90 hivi na haikupasuka. Nimechanganyikiwa kuhusu ile 55. Labda ni kwa wanaoendesha tu, si kwa wanaokalia.

Nimefika nyumbani alasiri. Nikakumbuka mkono wangu: MOTO. Nimewasha imbabura, jiko la makaa la mwenye nyumba, nikaishikilia tairi juu ya makaa, nikiigeuza taratibu kama hindi la kuchoma. Mukarugwiza, mwenye nyumba wangu, alitoka kwa sababu ya moshi. Akasimama. Akashika kiuno.

"We Mutanzania! Njaa gani hiyo? Umeshindwa na viazi, sasa unapika pine?"

Majirani wote wamekuja kuona. Nimewaambia ni utaalamu. Mtu mmoja ameuliza itaiva saa ngapi.

Jumapili, 26 Oktoba

Naandika nimelala kifudifudi.

Baada ya misa tulikusanyika stoo. Mimi na tairi zangu, zinanuka moshi kidogo. Viateur na zake. Nusu ya bandari imekuja kutazama. Mama Donatille akavuta turubai.

Nundu ilikuwa beseni. Beseni la kuoshea sambaza, limefunikizwa juu ya kiti.

Chini yake, pikipiki ndogo. Nyembamba. Ile ile ya kila mtu. Mimi nilibaki naliangalia beseni. Nilitaka kulisemesha.

Nikasema tujaribu hivyohivyo, kamba haidanganyi. Na kweli, haikudanganya! Mzunguko uko sawa kabisa. Lakini chuma cha pikipiki kina upana wa vidole viwili, na tairi yangu ina upana wa kiganja kizima na zaidi. Tuliisukuma watu watatu. Haikuingia kati ya vyuma vya mbele hata kwa kupakwa sabuni. Mvuvi mmoja akasema ni kama kumvalisha mbuzi koti la padri.

Viateur alicheka mpaka akashika ukuta. Zamu yake ikafika. Tairi yake ikaingia bila shida. Akaijaza upepo, akageuka kwa watu, akafungua mdomo kusema neno. Tairi ikasema kabla yake. Mlio ule ulifukuza ndege wa ziwani. Mistari yake yote minane ilikuwa imefunguka kama madirisha.

Kwa dakika moja nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Rubona.

Kisha Mama Donatille akauliza, kwa upole tu, kati yetu sisi wawili nani ana perimi, yaani leseni ya kuendesha. Viateur akaangalia ziwa. Mimi nikaangalia mlima. Wiki nzima, na hakuna kati yetu aliyelifikiria hilo.

Umwali akasema anayo, tangu mwaka jana. Akaingiza tairi mbili nyembamba, za bei ndogo, zenye meno ya kushika udongo wakati wa mvua. Zimekaa kama zimezaliwa hapo. Amewasha, amezunguka uwanja mara moja, amerudi. Mama Donatille akampa ufunguo, akatuambia sisi wawili saa kumi na mbili kamili kesho, magunia yanatungoja.

Nilitoka nje nikasimama peke yangu. Hakuna nauli, hakuna simu, hakuna kiti. Umwali alinifuata akaniambia, "Pole, kaka." Hakucheka safari hii. Hilo ndilo lililouma zaidi ya yote.

Jumatatu, 27 Oktoba

Magunia themanini na mawili.

Mchana Umwali amenipeleka dukani kwa Bi Rayhana nyuma ya pikipiki, na tairi zangu nimezivaa mabegani. Bi Rayhana ni mtu wa haki. Amesema atazichukua, ingawa zinanuka, na atanirudishia simu na sehemu kubwa ya nauli. Alikuwa ameshafungua droo. Umwali alinikanyaga mguu, ishara kwamba nikubali.

Lakini nikauliza, kwa kuuliza tu, bei ya tairi kama hizi leo ni ngapi. Zimepanda tena!

Nimezivuta tairi zangu haraka kifuani. Umwali alishika kichwa. Hawaelewi. Wiki hii nimejifunza jambo kubwa, na naliandika hapa nisilisahau: kosa halikuwa la tairi. Tairi ni nzuri. Pikipiki ndiyo iliyokuwa ndogo. Kinachotakiwa sasa ni pikipiki inayoenea tairi, na kwa kuwa pikipiki za mbio zinapanda kila mwezi, mtu mwenye akili hangoji ainunue nzima. Ananunua kidogokidogo, kabla haijapanda.

Bi Rayhana alikuwa na kioo kimoja cha pembeni, cha kushoto, cha pikipiki kama ya Cyusa. Nimempa redio yangu ya mfukoni.

Nimekipigilia ukutani juu ya kitanda. Nikilala kifudifudi nauona mlango wote nyuma yangu. Hakuna mtu atakayeweza kunipita bila mimi kumwona.