Sijaigusa

Jumamosi, 7 Juni

Mke wangu ameondoka asubuhi kwenda mafunzo ya wasimamizi wa maabara. Atarudi Alhamisi. Maagizo aliyoniachia ni mengi kuliko ya mtu anayeacha mtoto mchanga. Gesi ifungwe, mama yake ale kabla ya kumeza dawa zake za goti, na laptopu isiguswe. Hilo la mwisho amelisema sebuleni, akalirudia mlangoni, kisha akapiga simu kutoka kituo cha basi kulisema tena.

Ndani ya laptopu kuna ripoti yake ya mwaka mzima, inayotakiwa mezani kwa mkurugenzi Ijumaa kabla ya saa sita mchana. Imebaki hitimisho tu. Bila ripoti hamna usaili, bila usaili cheo cha mkuu wa maabara kinakwenda kwa mwingine. Kuibeba laptopu hakuweza. Betri ilishakata roho zamani, na uzito wake ni wa tofali.

Nimeelewa. Mimi ni mtu mzima. Ni mshauri wa biashara ninayejitegemea, ingawa kwa sasa biashara zote zinaonekana kujishauri zenyewe.

Tatizo langu ni jingine. Mama mkwe yuko hapa kwa ajili ya goti, na kila tukikaa mezani anamtaja mwanawe, yaani shemeji yangu, anayeshughulikia kompyuta za benki. Chumvi ikizidi, mwanawe hapendi chumvi. Bomba likivuja, mwanawe angelijua. Mimi namwita Bwana Mifumo, lakini kimoyomoyo.

Leo nimepata upenyo. Mama hufuma vitambaa vya kroshia kutwa nzima. Ameshafunika televisheni, friji, redio, mtungi wa maji na mita ya umeme. Mchana alimaliza kimoja cheupe, ukingoni kimezungushiwa shanga, akatafuta pa kukiweka, akakosa. Nikamwambia kazi nzuri kama ile ina pahali pake pa heshima, ndani ya laptopu ya binti yake, ikinge vumbi. Akasema shanga zile ni za kuning'inia, si za kubanwa. Nikaona ni unyenyekevu tu. Nikakitandaza juu ya vitufe, nikafunika. Kifuniko kiligoma kidogo. Nikakikandamiza kwa kiganja.

Mama akaniita mkwe wangu mpenzi. Miaka yote hii nilikuwa baba fulani.

Jumapili, 8 Juni

Nimepata wazo. Mke wangu anajua damu na mkojo, lakini lugha yake ya ripoti ni kavu. Nikaona nimsaidie: aya moja ya utangulizi, yenye mvuto. Huko si kugusa. Huko ni kuchangia.

Nikatoa kitambaa, nikachomeka chaja, nikabonyeza. Skrini nyeusi. Kisha pii, pii, pii, pii, bila kupumua.

Mama aliyekuwa kwenye kochi aliuliza kama ni gesi. Nikasema hapana, mashine inajisafisha. Akasema mwanawe angeelewa inasema nini. Nikamjibu kwamba hata mimi naelewa, ila ni mambo ya kitaalamu.

Nimesoma kwenye simu. Kumbe milio ina maana, na kila kampuni ina maana zake. Mlio huohuo kwa mmoja ni ubao mkuu umekufa, kwa mwingine ni vitufe, kwa wa tatu ni kipande cha kumbukumbu kimeshika uchafu. Ubao ni ghali. Vitufe nimevifunika mwenyewe kwa kitambaa safi, kwa hiyo haviwezi kuwa na kosa. Nimechagua kumbukumbu, kwa sababu dawa yake ni kukisugua kwa raba ya kufutia penseli, na raba ninayo.

Jumatatu, 9 Juni

Nimefungua tumbo la laptopu kwa ncha ya kisu cha jikoni. Ilikubali, baada ya mabishano. Skrubu nikaziweka kwenye kisosi ili zisipotee. Mama, ambaye goti halimruhusu kufanya chochote isipokuwa kile usichotaka afanye, akaona kisosi kichafu, akakiosha. Zilizosalia nimezitoa kwenye sponji.

Kile kipande nimekisugua mpaka kikang'aa. Kukirudisha kulikuwa na utata kidogo, kinaingia kwa mshazari halafu kinalala. Changu kimelala nusu. Nikaona kinatosha.

Nimewasha. Mlio umebadilika. Sasa ni mmoja mrefu, halafu kimya, halafu mrefu tena. Nayaita maendeleo. Mama amesema jana ililia kama kifaranga na leo inalia kama mbuzi, na kwamba anavyojua yeye, mgonjwa akibadilisha sauti si dalili ya kupona.

Jioni mke wangu alipiga simu. Aliulizia goti, kisha gesi, kisha laptopu. Nikamwambia imepumzika chini ya kitambaa cha mama. Akacheka, akasema kumbe nikitaka naweza. Sikutaka kumharibia furaha.

Jumanne, 10 Juni

Fundi wa mtaa wa pili anatengeneza simu, redio, na kwa muonekano wa benchi lake, hata feni zilizokwisha kuzikwa. Nilimpelekea laptopu ndani ya mfuko wa mchele ili majirani wasiulize. Nikamweleza kwamba imeanza kulia yenyewe, sijaigusa.

Akaigeuza. Akatazama matundu matupu ya skrubu, akatazama michubuko, akaniuliza kwa upole mzee wangu ambaye hajaigusa anatumia kisu cha aina gani. Wateja wawili wakacheka. Nilijibu kwamba nimeinunua hivyohivyo.

Akaiwasha, akasikiliza kichwa kikiwa upande, akasema ubao umekwenda, na yuko tayari kuichukua kama spea. Kisha akasema kama ndani kuna kitu muhimu achomoe diski tu, aniwekee mafaili kwenye flashi, shughuli ya muda wa kunywa soda.

Hapo nikamstukia. Mtu anataka kuchomoa diski ya mtu aliyemjua leo. Ripoti ya mke wangu inauzwa sokoni kesho. Nilimwambia asante, nikarudisha laptopu mfukoni. Nilipokuwa natoka alinikumbusha nisije nikaipika.

Nimefika nyumbani nikamkuta mama ameshika simu, akaiweka chini haraka. Amesema alikuwa anamsalimia tu mwanawe.

Jumatano, 11 Juni

Bwana Mifumo amefika na begi lake la bisibisi, kila moja kwenye mfuko wake kama kalamu za mwanafunzi bora. Alimsalimia mama dakika nzima. Mimi akanipiga begani, akaniita shemeji yangu mtundu.

Aliuliza swali moja tu. Kuna mtu ameifungua?

Mama alikuwa kwenye kochi, sindano ya kroshia mkononi, akinitazama. Ningesema ndiyo, cheo cha mkwe mpenzi kingeishia palepale. Nikasema hapana, haijaguswa. Mama akainamia nyuzi zake. Nadhani alikuwa anahesabu.

Basi kwa kuwa haijaguswa, shemeji akaanza na chaja. Akapima umeme. Akatoa betri, akarudisha. Akaunganisha televisheni yetu badala ya skrini, na kwa ajili hiyo ikabidi kitambaa kivuliwe, jambo ambalo mama hakulipenda. Akaenda kwake kuchukua chaja nyingine, akarudi nayo. Jioni nzima. Mimi nilikuwa nampa moyo na mapendekezo. Kwa mtu wa benki, ni mzito.

Mwishowe akageuza laptopu, akauliza skrubu ziko wapi. Nikasema labda zilidondoka njiani, hizi mashine za siku hizi. Akafungua. Akanyanyua kile kipande cha kumbukumbu kwa vidole viwili, kikiwa kimejaa chembe za raba na punje moja ya mchele, akauliza kama panya wa nyumba hii wanaandika kwa penseli.

Hakungoja jibu. Akakipuliza, akakisukuma, kikalia tik. Akawasha.

Pii, pii, pii, pii.

Nilifurahi. Nikasema huo ndio mlio wenyewe, wa Jumapili, kabla ya ule wa mbuzi.

Sindano ya mama ikasimama. Shemeji akaweka bisibisi chini, akasema taratibu kwamba amepoteza jioni yake akitibu ugonjwa niliouleta mimi juu ya ugonjwa ambao bado haujulikani. Akasema tuyaache, muhimu ni ripoti ya dada yake. Atachomoa diski, aende nayo kazini kesho asubuhi, anakili, ailete kabla dada hajafika.

Nikaona picha yote. Mke wangu anashuka basi, kaka yake amesimama na ripoti mkononi, mama anapiga makofi. Mimi niko nyuma nimeshika raba. Nikasema hapana, laptopu ni ya mke wangu, diski yake haichomolewi bila ridhaa yake. Nimelisema kwa heshima. Shemeji akanitazama, akamwambia mama kwamba mume huyu dada alimchagua mwenyewe, hakupangiwa.

Alhamisi, 12 Juni

Mke wangu amefika akatukuta watatu mezani, laptopu katikati, kama watu waliokaa na mgonjwa. Hakushusha mkoba begani. Akauliza kuna nini.

Tulimweleza kwa pamoja. Mimi nilianza na fundi mwizi, shemeji akaanza na raba, mama akaanza na kisosi. Alisikiliza yote. Kisha akakaa. Akasema kwa sauti ya chini kwamba ameamka usiku mwaka mzima kuandika kurasa zile, na kwamba katika mafunzo kila mtu alionyesha ripoti yake isipokuwa yeye, aliyesema yake iko salama nyumbani na mumewe.

Halafu akauliza kilichokuwa tofauti kabla ya mlio wa kwanza. Ndivyo wanavyofanya maabara, eti, hawaanzi na dawa. Nikamwambia hakuna, kila kitu kilikuwa vilevile, nilikuwa hata nimeifunika vizuri. Akauliza nilifunika juu au ndani. Nikasema ndani, ndiko kwenye vumbi.

Akaomba kitambaa. Akapitisha ukingo wake kati ya vidole, ushanga baada ya ushanga, mpaka akafika pahali penye uzi mtupu.

Akachukua kibano cha nyusi mkobani. Akainamisha laptopu, akachungulia pembezoni mwa vitufe, akachokoa. Ushanga mmoja mweupe ukadondoka mezani, ukabingirika mpaka kwenye kikombe cha shemeji. Kitufe kilichokuwa kimebanwa kikarudi juu.

Akawasha. Kimya. Kisha skrini ikajaa mwanga, na ripoti ipo, mpaka nukta ya mwisho.

Mama alikivuta kitambaa chake. Alisema yeye alisema ni za kuning'inia.

Ijumaa, 13 Juni

Mke wangu amemalizia hitimisho alfajiri. Mimi nilijitolea kulipitia. Alisema niende nikamwangalie mama.

Kwa kuwa skrubu ni pungufu, tumbo la laptopu lilikuwa linafunguka kila akiinyanyua. Mama ameifunga kwa uzi wa kroshia wa waridi, fundo kwa fundo, kama kifurushi cha zawadi. Mke wangu ameingia nayo kazini hivyohivyo, amechapisha ripoti, ameiweka mezani kwa mkurugenzi kabla ya muda. Mkurugenzi aliupokea mzigo wa karatasi, akautazama ule uzi kwenye laptopu aliyoikumbatia mke wangu, akauliza kama ni utaratibu mpya wa usalama. Mke wangu akajibu ndiyo.

Nimepiga hesabu ya mambo kwa utulivu. Kama ningeruhusu diski ichomolewe, mashine ingekwenda kwa fundi kama spea, na ule ushanga usingejulikana kamwe. Kwa maana nyingine, aliyeiokoa laptopu ni mimi. Nimemweleza hivyo jirani wa chini. Alikubali haraka, alikuwa na sufuria jikoni.

Jumapili, 29 Juni

Amepata cheo. Ofisi imempa laptopu mpya, nyembamba kama sahani, anailaza kabatini kwa kufuli na ufunguo hauonekani. Ile ya zamani amenipa mimi. Alisema nifanye nayo nitakalo, na alionekana kumaanisha.

Hatimaye ofisi ya mshauri ina mtambo. Nimenunua skrubu. Zimekaribiana ukubwa.

Mama anarudi kwake kesho. Nilimwomba kitambaa kimoja cha kumbukumbu kwa ajili ya laptopu yangu. Akakataa katakata habari ya shanga. Nikamweleza kisayansi: kosa la mara ile halikuwa shanga, lilikuwa shanga ndogo. Kubwa haziwezi kupenya kwenye vitufe hata zikitaka. Akafikiri sana, akasema basi, lakini asisikie jina lake likitajwa. Amefuma jana mchana kutwa. Kazi safi kabisa, shanga kama njegere.

Nimekitandaza ndani. Kifuniko kiligoma zaidi kuliko mara ile, nikakiwekea kamusi juu, nikaikalia kidogo. Kilitoa sauti kama biskuti, kikakubali.

Leo asubuhi nimewasha. Skrini ina ufa kutoka kona hadi kona, na mlio ni mpya kabisa, miwili mifupi na mmoja wa kukoroma. Nimeshasoma kwenye simu. Ni kumbukumbu.

Mke wangu ameuliza kutoka jikoni ni nini hicho kinacholia. Nimemwambia sijaigusa. Sasa natafuta raba.