Malalamiko Kuhusu Skafu Iliyogeuka Bomba

Miembeni, Bukoba

Kwa Mwalimu Gaudiosa,
Darasa la Ufumaji, Muleba

Mwalimu wangu mpendwa, shikamoo. Nakuandikia kwa adabu zote, ila vicheko vya watu vimenifika shingoni. Ulinifundisha kufuma, nami nikamfumia skafu Mzee Lukmani wa Kibeta, ambaye mwanawe Najibu anataka kunioa. Nalalamika hivi:

1. Skafu ilikuwa na upana wa viganja viwili. Nilipoitoa kwenye sindano, kingo zilijikunja zikakutana katikati. Ikawa bomba.

2. Niliipiga pasi, ikanyooka kwa muda wa kusema alhamdulillahi, ikajikunja tena. Nikaikandamiza kwa mkungu wa ndizi siku mbili. Ilitoka imejikunja vilevile, sasa na madoa ya utomvu.

3. Nilimpelekea hivyo hivyo. Mzee aliigeuza, akaniuliza kwa upole, “Mwanangu, hii ni ya kuvaa au ya kufungia mbuzi?” Najibu alicheka hadi akatoka nje. Kwa kunionea huruma, Mzee akaivaa kwenda msikitini.

4. Huko waumini walidhani amefungwa bandeji. “Pole na shingo, Mzee!” Kufikia adhuhuri majirani wameleta maziwa. Kufikia alasiri habari zimefika Rubafu kwamba ameanguka kutoka juu ya mti. Jioni jamaa zake kumi na wanane wa huko wakashuka kwenye gari la kukodi wakilia. Mzee alipotoka kuwapokea na skafu yangu shingoni, walilia zaidi.

Kwa hiyo naomba uje Bukoba utoe ushahidi kwamba kosa ni la uzi. Pia uwaandikie wakubwa, kondoo wenye manyoya ya kujikunja wapigwe marufuku Kagera nzima, na waliopo wanyooshwe.

Nisalimie wanafunzi wote, na Mama Theopista wa duka la nyuzi, ingawa naye namtilia shaka.

Ni mimi mwanafunzi wako mwenye uchungu,
Sumaiya

N.B. Nimeuona leo ukurasa wa pili wa maelekezo yako. Nilikuwa nimeutumia kufungia hiliki. Umepigia mstari mara mbili: “Vitanzi vinne vya kila ukingo vifume namna moja mbele na nyuma, la sivyo skafu itajikunja.” Nimesoma, Mwalimu. Lakini jamaa wa Rubafu walisema hawawezi kurudi bure baada ya kulia kiasi kile, wakaja wote kwetu kuniposa. Ndoa ni Ijumaa. Karibu sana, ila ukurasa huo usiutaje mbele ya wakwe.