Daktari Aonje Kwanza

Zaidi alikuwa stendi ya Korogwe, anakula machungwa ya watu kwa kisingizio cha kuonja, pale aliposikia riziki yake ikiongea.

Ilikuwa inaongea kwa sauti ya Janeth, mwenye saluni kutoka Handeni, aliyekuja kununua rasta na mafuta ya nywele. Alikuwa ameegemea kaunta ya duka la vipodozi, anamlalamikia muuzaji.

"Na zile sindano za uso, za wasanii, huna? Wateja wangu wamenichosha bwana. Kila siku mtu ananisogezea simu puani: Janeth, mtazame huyu kabla, mtazame huyu baada!"

Muuzaji akasema hizo ni kazi za madaktari wa mijini, yeye anauza losheni. Zaidi akatupa ganda la chungwa, akafuta mikono kwenye suruali, akawa daktari.

Msinielewe vibaya. Huyu bwana hakuwahi kusoma hata maelekezo ya panadoli. Mwaka juzi aliuza viwanja ambavyo wenyewe walikuwa bado wanaishi humo. Mwaka jana aliuza dawa ya kuotesha nywele, na waliopaka wakapoteza hata zile chache walizokuwa nazo. Lakini alikuwa na mtaji mmoja ambao haukuwahi kumwangusha, nao ni uso. Uso laini, mashavu yamejaa, jicho la upole. Mtu akiutazama uso ule anasahau maswali aliyotaka kuuliza. Zaidi mwenyewe aliutunza kuliko alivyomtunza mama yake: asubuhi anaupaka mafuta, jioni anaupaka mafuta, na jua la mchana anaukimbiza kivulini.

"Samahani dada, nimesikia bila kukusudia," alisema. "Mimi ni Dokta Zaidi, mtaalamu wa ngozi. Nimerudi juzi tu kutoka Dubai."

Janeth akamtazama kuanzia viatu. "Dubai? Na hayo machungwa?"

"Vitamini, dada. Unadhani uso huu umekuja wenyewe?"

Janeth akautazama uso. Maswali yakamtoka kichwani, kama kawaida.

Wakakubaliana. Janeth atakusanya wateja na kushika malipo yao mpaka kazi iishe, kisha watagawana. Zaidi akampa na picha yake kubwa ya rangi, anatabasamu ndani ya koti jeupe la kukodi, abandike saluni. Halafu akaenda duka la dawa, akanunua sindano na maboksi mawili ya maji safi ya kuchanganyia dawa. Boksi moja akalibandika karatasi ya pinki, jingine ya bluu. Utaalamu wote wa Dubai ukawa umekamilika.

Ujanja wenyewe ulikuwa rahisi. Maji ukiyachoma chini ya ngozi, pale pachomwapo panavimba kidogo, pananyooka, panapendeza. Baada ya saa mbili tatu yanaanza kupungua, mpaka jioni sura imerudi kwa mwenyewe. Kwa hiyo Zaidi alipiga hesabu: saa nne asubuhi anachoma, saa saba anachukua chake, saa nane yuko ndani ya gari la Korogwe, na nyuso za Handeni zikishuka zote yeye yuko mbali anaonja machungwa.

Siku ilipofika saluni ilijaa. Ninawaambia, walikuwa wanawake wazima, wenye afya na meno yao yote, ambao simu zimewaambia kwamba wanaumwa sura. Wengine walitoka Misima, wengine Sindeni. Wa mbele kabisa alikuwa Munira, mke wa mnunuzi wa mahindi. Mumewe alikuwa amemtangazia kwamba Jumamosi anamleta mke mdogo.

"Kuna za aina mbili, akina mama," Zaidi alianza, akiinua chupa ndogo kwa vidole viwili. "Hii ya pinki ni botoksi. Inalaza misuli, makunyanzi ya paji yanasinzia. Hii ya bluu ni fila. Inajaza palipobonyea, mashavu yanarudi kwenye usichana. Kuchagua ni juu yako."

Hapo ndipo kelele zilipoanza. Kila mmoja akawa mtaalamu wa uso wa mwenzake. Wewe unahitaji pinki, wewe hata chupa zote mbili hazitoshi. Munira akafikiri sana, mkono shavuni.

"Dokta, nikichoma ya pinki, paji halikunjiki tena?"

"Halikunjiki mama. Utakuwa shwari kama mtoto."

"Sasa Jumamosi nitanunaje?" Munira akahamaki. "Bwana yule ananiletea mwanamke mlangoni, halafu mimi nimesimama shwari? Nisiponuna atajuaje kama nimekasirika? Hapana, nipe ya bluu. Nijae mashavu, ninune nizidi kununa."

Wenzake wakaona hoja hiyo ni nzito. Wakahamia bluu wote.

Wakati huo Bi Mwanaidi, somo, yaani kungwi, wa mabinti wa Handeni nzima, alikuwa kakaa kona na kibuyu cha togwa. Hakuja kuchomwa. Alikuja kuona. Akamimina togwa kwenye kata kwa ajili ya mgeni, akapiga funda moja mwenyewe, akameza, ndipo akampa Zaidi kwa mikono miwili.

"Karibu, baba."

"Ahsante, bibi. Shikamoo." Zaidi akanywa, akashukuru, akavuta maji ya bluu kwenye sindano na kumsogelea Munira.

"Baba," Bi Mwanaidi akasema, "mbona hujaonja?"

"Nimekunywa yote bibi, tamu sana."

"Si togwa. Hiyo." Akaonyesha sindano. "Mimi nimekupa kinywaji, nimeanza kuonja ili ujue sikuwekei sumu. Wewe unatupa dawa. Onja."

Zaidi akacheka, akatazama huku na huku apate wa kucheka naye. Hakupata. Wanawake thelathini walikuwa wanatikisa kichwa kwa pamoja kumuunga mkono bibi. Kwao hili halikuwa neno la kujadili. Hata mkwe akikuletea maji ya kunywa, anaonja. Munira mwenyewe alisharudisha shavu lake nyuma.

Basi Zaidi akafikiri: ni maji tu, yataniua? Akajitazama kwenye kioo, akajichoma shavu la kushoto. Pakavimba, pakanyooka, pakapendeza. Vigelegele vikapasua bati.

"Haya, sasa dada Munira..."

"Tulia, baba," Bi Mwanaidi akasema. "Togwa likiwa baya linajulikana hapo hapo. Sindano inataka muda. Tukae mpaka alasiri, tukikuona mzima na shavu limesimama, watachomwa wote. Mleteeni daktari chakula."

Wakamletea bada, ugali wa muhogo, na kuku. Wakamketisha kwenye kiti cha kuoshea nywele, wakajipanga mbele yake, na kazi yao ikawa kutazama shavu lile. Zaidi alitafuna huku anatazama saa. Ilipofika saa sita alihisi ngozi inalegea. Maji yanaondoka.

"Naomba kujua choo kilipo."

Choo kilikuwa cha shimo, nyuma ya saluni, mlango wa gunia. Zaidi akachuchumaa na nzi wake, akavuta chupa mfukoni, akajiongeza maji shavuni kwa kupapasa. Akarudi anatabasamu, shavu limesimama.

Saa saba akarudi tena. Gari la saa nane likapiga honi, likaondoka bila yeye. Saa nane na nusu akanyanyuka mara ya tatu.

"Daktari anaumwa tumbo?" Munira akauliza.

"Ni kuku wenu," Janeth akajibu. "Dubai hawali pilipili."

Safari hii sindano ilimponyoka, ikaanguka kwenye sakafu ya choo. Akaiokota, akaifuta kwa shati. Chupa za mfukoni zilikuwa zimekwisha, na maboksi yako saluni mbele ya macho sitini. Shavu linashuka. Malipo ya siku nzima yako ndani ya droo ya Janeth. Zaidi akageuka kulia, akageuka kushoto, akaliona kopo la kutawadhia. Lilikuwa limejaa maji.

Jamani! Mtu aliyeupaka uso wake mafuta asubuhi na jioni miaka yote hiyo! Lakini tamaa ikishakaa mahali pa akili, haisikii hata harufu. Akavuta maji ya kopo, akajichoma.

Alasiri ilipofika shavu halikushuka tena. Lilipanda. Lilijaa, likang'aa, likaanza kulifunika jicho.

"Ee! Inakaa kweli!" Munira akashangilia. "Mimi wa kwanza! Janeth, mwambie mimi wa kwanza!"

Wakasukumana. Saa ile ambayo Zaidi alikuwa anaisubiri kutwa ilikuwa imefika: nyuso thelathini zimeinuliwa, droo imejaa. Na msidhani huruma ilimzuia, huruma hakuwa nayo. Alishika sindano, akainama, lakini jicho moja lilikuwa limefunga na la pili lilikuwa linaona akina Munira wawili. Akafungua mdomo aseme lile neno lake tamu.

"Mbwambwa," akasema.

Bi Mwanaidi akasogea, akaligusa shavu kwa ncha ya kidole kimoja. Ukelele alioutoa Zaidi ulisimamisha bodaboda barabarani. Janeth akatoa simu, akampiga picha, kisha akaita bajaji.

Zahanati walimkuta muuguzi Hosiana, mama wa Kisambaa asiyekuwa na haraka. Alilitazama shavu, akanusa, akauliza maji ni ya wapi. Zaidi akaeleza kwa vidole. Akina mama waliomsindikiza wakaelewa vidole vile vizuri sana, wakageuka mmoja mmoja kwenda kwa Janeth kudai chao. Munira alibaki nyuma kidogo, kwa ajili ya kununa. Alinuna kwa ustadi mkubwa, bila msaada wa sindano.

"Hapa tunapasua tutoe huo uchafu," Hosiana akasema. "Na sindano zipo, ya paja na ya tako. Kuchagua ni juu yako, Dokta."

Zaidi akalitazama lile bomba nene la sindano. Kwa nusu ya mdomo iliyokuwa bado inafanya kazi akauliza, "Nani kaionja?"

Hosiana akamchagulia mwenyewe.

Miezi minne ilipita. Zaidi akarudi Korogwe, shavu la kushoto limebonyea na kovu limeuvuta mdomo upande. Alijaribu kuuza viwanja, watu wakamuuliza hati. Alijaribu kuonja machungwa, akaambiwa alipe kwanza. Mtaji ulikuwa umekwenda. Siku moja akiwa anapita karibu na stendi akaona foleni ndefu ya wanawake mbele ya saluni mpya, na bango mlangoni la dawa ya kusugulia ngozi, ile ya maharusi: SINGO YA JANETH, BILA SINDANO.

Chini ya maandishi palikuwa na picha mbili za mwanamume. Ya kwanza amevimba upande mmoja, jicho limefunga, mdomo umeangukia shingoni. Imeandikwa KABLA. Ya pili anatabasamu ndani ya koti jeupe, mashavu laini, jicho la upole. Imeandikwa BAADA.

Zaidi akasogea karibu na bango. Alitaka kupiga kelele za mwizi, lakini angeanzia wapi?

Mwanamke mmoja wa foleni akamwonea huruma. "Usikate tamaa, kaka. Mtazame yule, alikuwa mbaya kuliko wewe. Sasa hebu ona."

Zaidi akamtazama yule wa BAADA. Ule uso. Ule uso ambao ukiutazama unasahau maswali uliyotaka kuuliza. Akautazama, akautazama.

Kisha akaingiza mkono mfukoni, akasogea nyuma ya yule mama, akapanga foleni.

"Na wanaume wanapokelewa?" akauliza.