Mtihani wa Kufufua, Likoni

Inatangazwa kwa wakazi wote wa Likoni kwamba, kuanzia mwezi huu wa Machi 1962, hakuna mtu atakayefufuliwa ila kwa utaratibu.

Tangazo hilo niliandika mimi, katibu wa Kamati ya Mioyo Iliyosimama, na nalionea fahari. Kabla yake palikuwa na fujo tupu. Wanawake wawili watwangaji, Mwanatabu na Mwanamkasi, walikuwa wamefundishwa na Milcah, muuguzi wa zahanati, namna ya kumkandamiza kifua mtu aliyeanguka moyo ukasimama. Milcah aliwachagua kwa sababu wamezoea kutwanga pamoja: mmoja akichoka, mwenzake hupokea mchi hewani, wala pigo halikatiki. Kwa mwaka mmoja walikwisha kuwarudisha watu watatu pale kivukoni, na hakuna hata mmoja aliyejaza fomu.

Mwenyekiti wetu, Bwana Hadi, aliuliza swali zito. "Je, wakimfufua mtu ambaye hakutaka?"

Hakuna aliyelifikiria hilo.

Basi tukapitisha kwamba kila mfufuaji awe na cheti, na cheti hupatikana kwa mtihani. Mtahiniwa aje na mgonjwa wake, moyo wake uwe umesimama saa tatu kamili asubuhi, na Mwenyekiti ashuhudie kwa macho yake mwanzo hadi mwisho.

"Huyo mgonjwa tumtoe wapi, bwana?" Mwanatabu akaniuliza.

"Hilo ni juu ya mtahiniwa."

Mwezi wa Aprili, Mzee Boga, fundi wa kuwamba vitanda vya kamba, alianguka akingoja feri. Mwanatabu akapiga magoti kando yake. Nikamwonyesha kifungu cha nne, kinachokataza wasio na cheti kugusa kifua cha mtu, na askari wawili wakamshika mikono.

"Niacheni! Wallahi mzee wa watu yuwafa!"

Mzee Boga alikufa kwa utaratibu, saa nne na robo. Fomu yake ni katika zile zilizojazwa vizuri kabisa. Tangu siku ile Mwanatabu hakunisalimu tena, jambo ambalo liliniuma, maana fomu nilijaza mwenyewe.

Mwezi wa Juni Mwanatabu na Mwanamkasi wakaja kwenye mtihani mara ya tatu, na mara ya tatu walikuja mikono mitupu. Bwana Hadi akainuka kuwakemea.

"Watu wa Likoni hamjiandai!" Akapiga meza. "Serikali itawangoja mpaka lini?" Akapiga tena, akajishika kifua, akaanguka chini ya meza.

Wajumbe tukatazamana. Mmoja akatoa hoja tuahirishe kikao. Mwanatabu hakumtazama Mwenyekiti, alinitazama mimi.

"Bwana katibu, kifungu cha nne chasemaje?"

Nikafungua daftari. Nikakitafuta kifungu kwa kidole.

"Saa ngapi sasa?" akauliza Mwanamkasi.

Nikatazama saa ya ukutani. Saa tatu kamili.

"Basi mgonjwa tumempata."

Wakamvuta, wakamlaza sakafuni, wakaanza. Mmoja akichoka, mwenzake akapokea, wala pigo halikukatika. Ubavu mmoja wa Mwenyekiti ukalia, nasi tukaandika. Mwanatabu alikuwa akilia huku akikandamiza, na sidhani alikuwa akimlilia Bwana Hadi.

Baada ya dakika saba akakohoa, akafumbua macho. Alipoelezwa yaliyompata akasema kwa sauti ndogo, "Wapeni vyeti."

Nikalazimika kumkumbusha. "Haiwezekani, bwana. Mwenyekiti hakushuhudia mtihani. Daftari linaonyesha hukuwapo."

"Nilikuwapo!"

"Ulikuwapo kama mgonjwa, bwana."

Mwanamkasi akajifunga leso upya kiunoni. "Hapana taabu. Bwana na alale tena, turudie. Mara hii atazame."

Bwana Hadi akajishika ubavu, akaomba kalamu. Akakifuta kifungu cha nne kwanza, kisha akatia saini vyeti viwili palepale sakafuni, bila kusoma. Katika miaka yote ya utumishi wake, sikupata kumwona akifanya kazi kwa haraka vile.

Mwanamkasi akachukua chake. Mwanatabu akakitazama chake, akanirudishia.

"Hiki mpelekee mjane wa Boga. Mwambie sasa ruhusa ipo."

Kingali mezani kwangu. Nimetafuta fomu ya kukipelekea, sijaipata.