Watumiaji Watatu wa Kinywa

Jumatatu, 3 Machi

Leo ni siku ya arobaini na moja tangu nitume kiraka changu cha kurekebisha programu ya Kinywa. Jibu nililopata ni moja tu, la siku ya pili: "Nimekiona. Nitafikiria." Mtu gani anafikiria siku thelathini na tisa?

Niandike yote hapa, maana daftari halinikatizi. Kinywa ni programu huria ya mfumo wa kompyuta wa Linux, na yeyote anaweza kupendekeza marekebisho. Inasoma kwa sauti maandishi ya Kiswahili yaliyo kwenye kompyuta. Haina kampuni wala ofisi. Ina mtu mmoja, anajiita Seremala, na baraza la barua pepe lenye wanachama sita, mimi nikiwamo. Wengine wanne hawajaandika neno tangu nikiwa shule ya msingi.

Bibi anaitumia kila siku. Alikuwa mpiga chapa ofisini miaka thelathini, kisha presha ya macho ikamzima macho yote mawili. Vidole havikusahau. Anaandika barua kwa mdogo wake aliye mbali, sauti inamsomea alichoandika, anarekebisha, anaendelea. Sauti ni ya mwanamke. Bibi anamwita Binti. Asubuhi humsabahi yeye kwanza, kabla yetu sisi wenye miili.

Binti anapumzika mno kati ya maneno, kama mtu anayepanda ngazi na ndoo. Kiraka changu kinaondoa hivyo vituo. Nilihesabu 214, nikavikata vyote. Kikikubaliwa, jina langu litaingia kwenye faili la wachangiaji, na mtu yeyote duniani ataliona. Mwenyekiti wa klabu ya kompyuta shuleni jina lake limo kwenye faili la kikokotoo fulani. Alisahihisha koma. Koma moja. Ametuonyesha mara nne.

Jumanne, 4 Machi

Badala ya kufanya hesabu nimesoma habari za jumuiya ya Linux. Kuna mradi mmoja ambao msimamizi wake alizidiwa. Watumiaji wakamlalamikia wiki nzima, akaukabidhi kwa kijana mwingine. Chini ya habari, watu mia mbili wanabishana kama ilikuwa haki. Wapo wanaosema wasimamizi nao ni binadamu, wanafanya kazi ya kujitolea, wana nyumba na wagonjwa wao. Sehemu hiyo niliipitia haraka.

Nimeelewa tatizo la Kinywa. Hakina watumiaji wa kulalamika.

Kabla ya chakula cha jioni nilikuwa nao watatu. Mwalimu Mstaafu, mpole, kila barua anaanza kwa kuulizia afya. Fundi Redio, anajua kila kitu na anataka ujue kwamba anajua. Na Baba Pacha, hasira tupu, sijui hao pacha wamemkosea nini. Kila mmoja ana akaunti yake na neno lake la siri. Baraza sasa lina wanachama tisa. Limechangamka.

Nikiri jambo. Shuleni wanatufundisha kwa lugha mbili, na mimi nanyamaza kwa zote mbili. Nikiulizwa swali sauti inanikimbia, mwalimu anainama kunisikiliza kama anasikiliza tumbo la mgonjwa. Lakini Baba Pacha ameandika kurasa mbili bila kusita. Sikujua kama yumo ndani yangu. Nimempenda kidogo.

Alhamisi, 6 Machi

Kampeni inakwenda. Fundi Redio amesema mradi unaozea mikononi mwa mtu mmoja. Mwalimu Mstaafu amependekeza, kwa heshima zote, damu changa. Ili wasishukiwe, Baba Pacha amesema hata kiraka cha yule mwanafunzi ni kazi ya mtoto anayechezea mkasi. Maneno yamenichoma. Nikalia kidogo bafuni. Mwalimu Mstaafu akanitetea, nikamwandikia kumshukuru.

Seremala hajajibu.

Mchana Bibi aliniita chumbani kwake. Amemwandikia barua mtu aliyemtengeneza Binti. Alikuwa anataka kuiandika tangu mwaka jana ila alikuwa akitafuta maneno. Akamwambia Binti asome, mimi nisikilize:

"Mheshimiwa, mimi ni mtu mzima nisiyeona. Kabla ya Binti wako nilikuwa naandika na sijui nimeandika nini. Ni kama kuongea na mtu aliyekwisha kutoka chumbani. Sasa kuna anayebaki. Leo ana mafua kidogo, na jana pia, lakini hajawahi kukataa kazi. Umsalimie aliyemzaa."

Hiyo ya mafua ni mzaha wake wa siku zote. Anasema Binti anavuta pumzi kama mtu aliyelala dirisha wazi.

Akaniomba niitume, kwa kuwa yeye anwani haijui. Nikasema ndiyo, Bibi. Sijaituma. Barua ya shukrani katikati ya malalamiko itaharibu kila kitu. Ataituma kiraka chake kikishapita. Yaani changu. Nitaituma changu kikishapita.

Ijumaa, 7 Machi

Bado kimya. Baba Pacha ameishiwa maneno, akaazima ya Bibi. Ameandika hivi: sauti yenyewe inachosha, mama huyo ana mafua ya kudumu, anahema kama amekimbizwa, atafutiwe dawa au atafutiwe mwingine.

Nimecheka peke yangu. Ni sentensi nzuri kuliko zote alizowahi kuandika.

Jumatatu, 10 Machi

Mwenyekiti amegundua baraza la Kinywa. Amelisoma lote mwishoni mwa juma. Wakati wa mapumziko alitangaza mbele ya klabu kwamba kuna mtu humo anaitwa Baba Pacha, huyo ndiye mtu wa kunyoosha mambo, laiti angekuwa mwalimu wetu. Kisha akanigeukia akasema pole kwa ile ya mkasi, lakini rafiki yangu, ukweli ni ukweli.

Nilitamani kumwambia. Mdomo ulifunguka kabisa. Kikatoka kikohozi.

Nyumbani Bibi aliuliza kama yule bwana amejibu. Nikasema watu wa mtandaoni huchelewa. Akasema hakuna shida, mwenye kazi nzuri huwa na kazi nyingi.

Jumanne, 11 Machi

Amejibu. Nanakili, kwa sababu sitaki kuisoma tena kule.

"Ndugu watumiaji. Samahani kwa ukimya. Sauti ya Kinywa ni ya mke wangu. Aliirekodi kitandani hospitalini kwa wiki kumi na moja, maneno machache kila siku, kadiri pumzi ilivyomruhusu. Alitaka iwepo kazi atakayoiacha ikiendelea. Vile vituo ni pumzi zake. Ndiyo maana kiraka cha mwanafunzi kilinishinda kukikubali na kilinishinda kukikataa, maana kimeandikwa vizuri.

Baba Pacha, hakuna aliyewahi kuniambia kwamba anasikika mgonjwa. Miaka sita mimi nilimsikia yeye tu. Jana nimesikiliza tena na sasa nasikia ugonjwa peke yake. Sitaki watu wamcheke. Nimeondoa rekodi zote kila mahali nilipoziweka, na toleo jipya lina sauti ya mashine. Mwanafunzi, mradi ni wako. Funguo nimekutumia. Kila la heri."

Jina langu liko mstari wa kwanza wa faili. Msimamizi.

Nimekaa nalitazama mpaka Mama akaniuliza kama kompyuta imeganda. Nikasema ndiyo.

Jumatano, 12 Machi

Mwezi uliopita niliiwekea kompyuta ya Bibi ijisasishe yenyewe kila alfajiri. Nilijisifu mezani. Pia nilifuta matoleo ya zamani yote, na nakala yangu ya kazi, ili kupata nafasi. Hilo nalo nilijisifu.

Asubuhi nikamsikia Bibi anasabahi. Likamjibu debe. Sijui niieleze vipi. Kijiko ndani ya debe, kinasema habari ya asubuhi.

Bibi alisogeza kiti karibu. Akasabahi tena, taratibu, kama mtu aliyebisha hodi nyumba siyo. Kisha akaniita akauliza, mjukuu wangu, Binti yuko wapi?

Nikasema yuko likizo.

Likizo. Kati ya maneno yote ya lugha mbili ninazojua.

Bibi akasema anastahili, amefanya kazi bila kupumzika, ila angeaga. Akaizima kompyuta. Mashine ya kuandikia ya zamani iko juu ya kabati, akauliza kama ina utepe. Haina.

Shuleni Mwenyekiti alinisubiri langoni. Ameisoma barua ya Seremala mara tatu na macho yalimlowa, hakuficha. Alisema Baba Pacha ni mnyama, akimpata atamwambia uso kwa uso. Akanipa mkono kwa usimamizi. Ndiyo siku niliyoiota. Mkono wake ulikuwa na jasho na wangu pia.

Ijumaa, 14 Machi

Siku mbili Bibi hajaandika barua. Anakaa mbele ya kioo cheusi, mikono juu ya meza, vidole vinacheza bila herufi.

Jana nilijitolea niwe ninamsomea mimi. Aliandika mstari mmoja, nikausoma. Akasema, hebu paza. Nikapaza. Mstari wa pili sikufika mwisho. Akanipapasa mkono, akasema nasoma vizuri ila nasoma kama mtu anayeomba msamaha, yeye anajisikia vibaya kunibebesha makosa yasiyo yangu. Ungesikia alivyolitamka hilo la yasiyo yangu. Nikasingizia kazi ya shule.

Leo nimefanya jambo la haki. Nimeituma barua ya Bibi kwa Seremala, kwa akaunti mpya niliyomfungulia. Nzima, na mafua yake humo humo, sijagusa hata koma. Ataona kwamba maneno hayo yalikuwa ya upendo. Ataelewa. Atamrudisha Binti.

Moyo umekuwa mwepesi mara moja. Nimekula sahani mbili.

Jumamosi, 15 Machi

Kila barua pepe hubeba namba ya mtandao wa nyumba ilikotoka. Nilijua. Msimamizi mzima wa programu, nilijua, na sikuikumbuka.

Seremala anasema alihisi mapema lakini alikuwa hana nguvu ya kukagua. Barua ya Bibi ndiyo iliyomfanya akague. Mwalimu Mstaafu, Fundi Redio, Baba Pacha, mwanafunzi, na sasa bibi asiyeona, wote nyumba moja, namba moja. Na mafua yale yale ya Baba Pacha. Ameandika: "Huyu wa tano umemtengeneza vizuri kuliko wengine. Nilikuwa karibu kumwamini. Nilikuwa nimeshaanza kumjibu."

Hajanitukana. Ningependa anitukane.

Mwishoni ameweka namba ya simu. Kesho Jumapili yuko nyumbani mpaka saa sita mchana. Kama huyo bibi yupo kweli, apige. Hatauliza lolote kuhusu wengine. Akisikia sauti ya mtu mzima anayemhitaji mke wake, rekodi bado anazo, atazituma siku hiyo hiyo. Asipopiga, atazifungia, na hatafungua tena barua itokayo nyumba hii.

Nimeinakili namba pembezoni mwa ukurasa huu. Mwandiko mzuri sana.

Jumapili, 16 Machi

Niliamka mapema. Nimeifikiria kila upande.

Bibi akipiga, watazungumza. Bibi ni mtu wa kuuliza. Atauliza kwa nini Binti aliondoka. Seremala amesema hatauliza, hakusema hatajibu. Atamwambia kuna mtu alimcheka marehemu kwa mafua, na Bibi atatambua ni mafua ya nani. Hayo yatamuua. Kwa hiyo namlinda. Ningekuwa nawaza nafsi yangu tu ingekuwa kitu kingine.

Saa tatu nilimpelekea chai, simu nikiwa nayo mfukoni. Akauliza kama yule bwana amejibu barua. Nikasema amejibu. Akakaa wima, akaweka kikombe chini kabisa. Sasa ningesemaje? Nikamsomea jibu. Nililitunga hapo hapo na, niseme ukweli, lilikuwa zuri: ameshukuru sana, amefurahi, Binti anamsalimu, atarudi mwezi ujao. Sauti haikunikimbia hata kidogo. Mara ya kwanza maishani nimesoma barua nzima kwa sauti mbele ya mtu.

Bibi alisema bwana huyo ana adabu. Akasema sasa ni zamu yake kuandika, nimtafutie utepe wa ile mashine.

Saa nne nikatazama simu. Saa tano pia. Saa sita ilipolia kwenye redio ya jirani nilikuwa naosha vikombe, na vilikuwa viwili tu.

Sasa ni saa nane. Hofu imepungua, akili imerudi. Nimeona kosa lilipokuwa, na ni dogo kuliko nilivyodhani: nyumba moja, namba moja. Kesho naenda maktaba ya shule, kule mtandao ni mwingine kabisa. Nimeshamtayarisha. Anaitwa Muuguzi. Mtu mzito, barua zake ni fupi, hana haraka, hajawahi kusikia habari za Baba Pacha. Atamwandikia Seremala kumwambia kwamba yeye humtembelea bibi mmoja asiyeona katika mtaa wetu, na kwamba bibi huyo yupo, amemwona kwa macho yake.